Kumpima Asiyelalamika

Tarehe 23 Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza makamishna wa kaunti washirikiane na wakurugenzi wa elimu na wa afya kukusanya taarifa za kila mwanafunzi anayeishi na virusi vya Ukimwi. Walezi wao walikuwa kwenye hesabu hiyo pia, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Siku chache kabla ya hapo, papa hapa Nairobi, ulikuwa umezinduliwa mpango wa kimataifa wa kukomesha Ukimwi miongoni mwa vijana, kwa hivyo nia iliyotajwa haikuwa mbaya. Serikali ilitaka kujua waliko watoto wanaohitaji dawa. Lakini taarifa zenyewe zilitakiwa kwa njia ambayo jina la mtoto lingekaa kando ya hali yake ya virusi, kwenye karatasi moja, mikononi mwa afisa wa utawala.

Watu walienda kortini. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile lilivunja Katiba, hasa kifungu cha 31 kinacholinda faragha na cha 53 kinachotaka maslahi ya mtoto yatangulie mengine yote. Serikali ikapewa siku 45 kuhakikisha majina yaliyokwisha kukusanywa yamefichwa kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kujua ni nani.

Kesi hiyo husimuliwa kama habari ya Ukimwi na haki za binadamu, basi. Mimi naiona kama sura ya karibuni katika hadithi ndefu zaidi: hadithi ya wenye mamlaka kuamua nani apimwe ugonjwa wa siri, apimwe vipi, na jibu lake liwekwe wapi. Ukiifuata hadithi hiyo kuanzia mwanzo utaelewa kwa nini msichana wa miaka kumi na tisa hapa Kenya anaweza kukaa na maambukizi mwaka mzima bila mtu yeyote kumuuliza kitu, ilhali nchi hiyo hiyo iliwahi kutaka jina lake kwenye orodha.

Tuanze na jambo la msingi. Mtu akiumwa akaenda hospitali, daktari humpima ili ajue anaumwa nini. Huko ni kutibu. Lakini kuna upimaji wa aina nyingine, wa kumtafuta mtu ambaye hajalalamika, anayejiona mzima kabisa, ukamwambia: hebu tuangalie. Upimaji huu wa pili una nguvu sana, kwa sababu magonjwa mengi ya njia hii hujificha. Una hatari pia. Mtu aliyekuja mwenyewe na maumivu yake anajua kilichomleta. Aliyetafutwa anajiuliza: kwa nini mimi?

Na kwa Kiswahili swali hilo lina uzito wa ziada, kwa sababu ya jina. Tunayaita magonjwa ya zinaa. Zinaa si ngono tu. Ni ngono ya haramu, dhambi yenye hukumu yake. Kwa hivyo mtu akiambiwa aende akapimwe magonjwa ya zinaa, shtaka limekwisha kusomwa kabla sindano haijatolewa kwenye karatasi. Mke aliyeambukizwa na mumewe wa ndoa naye anabeba jina hilo hilo. Darasani tulikariri orodha yake kama mashairi, kaswende, kisonono, pangusa, na mwalimu akaharakisha kwenda mada inayofuata.

Dola ya Uingereza, ambayo baadaye ingetutawala, ilianza kuwatafuta wasiolalamika mwaka 1864. Jeshi lake lilikuwa linapoteza askari wengi vitandani kwa kaswende na kisonono, si vitani. Bunge likapitisha Sheria za Magonjwa ya Kuambukiza, zikapanuliwa 1866 na 1869. Katika miji yenye kambi za jeshi na bandari, polisi waliweza kumkamata mwanamke waliyemshuku kuwa ni kahaba na kumpeleka akachunguzwe mwilini kwa lazima. Akikutwa na ugonjwa, alifungiwa hospitalini. Askari aliyelala naye hakuguswa. Josephine Butler na wanawake wenzake walizipinga sheria hizo kwa miaka mingi hadi zikafutwa 1886. Zilifutwa kwao. Wazo lenyewe, kwamba ugonjwa una makao na makao yake ni mwili wa mwanamke fulani, lilipanda meli likaja huku.

Tuliona matunda yake kwanza kwa majirani zetu. Mnamo 1907 na 1908 daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, alitumwa Uganda kuchunguza kaswende. Akaandika kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Buganda walikuwa nayo. Sababu? Kwa maoni yake, dini mpya ilikuwa imelegeza mila za zamani, na wanawake waliokuwa wakichungwa sasa walikuwa huru kutembea. Yaani mwanamke kupata miguu yake ndiko kulikoleta janga. Taarifa hizo zilishtua London. Sheria zikatungwa za kuwalazimisha watu kuchunguzwa na kutibiwa, watu wakalalamika kuhusu fedheha ya ukaguzi huo, na mwaka 1913 kikaanzishwa kituo cha kutibu magonjwa hayo juu ya kilima cha Mulago. Hospitali kubwa ya taifa la Uganda ya leo ilianzia hapo.

Shida ni kwamba Lambkin huenda hakuwa akiiona kaswende peke yake. Kuna ugonjwa mwingine ambao mababu zetu waliujua vizuri sana: buba. Vidonda vya buba huwatokea zaidi watoto, hasa vijijini kwenye joto na unyevu, na huenea kwa ngozi kugusana na ngozi, watoto wakicheza. Hauna uhusiano wowote na ngono. Ila kimelea chake ni ndugu wa damu wa kimelea cha kaswende, wanafanana kiasi kwamba vipimo vya damu vilivyofuata, kuanzia kile cha Wassermann cha 1906, havikuweza kuwatofautisha. Mtu aliyeugua buba akiwa na miaka sita angeweza kupimwa akiwa na ishirini, damu ikajibu ndiyo, na akaandikwa mzinifu. Watafiti waliorudia kuusoma ushahidi ule miongo kadhaa baadaye walifikia hitimisho kwamba sehemu kubwa ya janga lile la Buganda pengine haikuwa kaswende ya ngono hata kidogo.

Fikiria hapo kidogo. Taifa zima linahukumiwa tabia yake kwa vidonda vya utotoni.

Huku Kenya buba ilifanya kazi tofauti, na kwangu hii ni mojawapo ya sehemu za kushangaza zaidi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilianza kuwadunga watu wa mashambani sindano za dawa zilizotengenezwa kwa madini ya bismathi. Kidonda cha buba kilikauka mbele ya macho ya watu, ndani ya siku chache. Habari zikaenea zenyewe. Katika miaka ya 1920 watu waliokuwa wakimkimbia mzungu wa kodi na wa kipande walimfuata mzungu wa sindano kwa hiari, wakiwabeba watoto. Heshima ya sindano tuliyo nayo mpaka leo, ile ya mgonjwa kuona hajatibiwa kama amepewa vidonge tu, ina mizizi yake huko. Na hakuna askari aliyehitajika. Watu walikuja kwa sababu waliona wanachopata.

Kwa hivyo mfumo wa Buganda na kampeni za buba vilituachia njia mbili za kumtafuta mgonjwa. Njia ya kwanza humtafuta ili ijulikane ni nani. Ya pili humtafuta ili apone. Kwa nje zinafanana: foleni, koti jeupe, daftari.

Njia hizo mbili zilikutana Nairobi, mtaa wa Majengo, Pumwani. Mtaa huo ulianzishwa mapema miaka ya 1920 kama eneo la Waafrika katika jiji ambalo halikutaka Waafrika wakae, liliwataka wafanye kazi tu kisha warudi mashambani. Wanawake walijenga na kumiliki nyumba huko, na wengine walijipatia riziki kwa kuuza ngono kwa wanaume wa jiji. Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada vilianza utafiti wa pamoja. Kilichowaleta Wakanada hapa ni pangusa, kidonda cha sehemu za siri ambacho kwao kilikuwa kigeni lakini Nairobi kilijaza kliniki. Wanaume walipoulizwa walikokipata, wengi walielekeza kidole Majengo. Hadithi ile ile ya 1864, sivyo?

Halafu Ukimwi ukaja. Kisa cha kwanza hapa nchini kilitambuliwa 1984. Mwaka uliofuata watafiti walipima damu za wanawake wa Majengo na kukuta takriban wawili kati ya kila watatu tayari wana virusi. Walipotoa kwenye friji damu iliyohifadhiwa tangu 1981, ya wanawake wa kazi hiyo hiyo jijini, waliokuwa na virusi walikuwa 4 kati ya 100. Kufikia 1985 walikuwa 61. Kumbuka kwamba damu ya 1981 ilitolewa kabla jina la ugonjwa huo halijakuwepo. Damu ya watu hukaa na kusema mambo ambayo mwenyewe hakuulizwa.

Hapo ingekuwa rahisi kufuata mkondo wa zamani: kuzungusha ua, kuita polisi, kutangaza majina. Kuna waliotaka hivyo. Lakini muuguzi wa afya ya jamii, Elizabeth Ngugi, alifanya jambo ambalo vitabu vya London havikuwa nalo. Aliitisha baraza. Wanawake wakakaa, wakaelezwa walichokutwa nacho, wakauliza, wakachagua viongozi wao. Kliniki iliwapa matibabu ya kisonono na pangusa, wao na si wateja wao pekee, na wakafundishwa namna ya kumwambia mteja avae kondomu au aende zake. Matokeo yalichapishwa 1988: matumizi ya kondomu yalipanda na maambukizi mapya yakapungua. Wengi wa wanawake hao waliendelea kurudi kliniki mwaka baada ya mwaka, na ni kwa sababu walirudi ndiyo sayansi ikagundua kwamba wachache wao walibaki bila virusi licha ya kukutana navyo mara nyingi mno, jambo lililowashughulisha watafiti wa chanjo duniani.

Nasisitiza hilo kwa sababu husemwa kwamba watu wetu wanaogopa kupimwa. Wanawake wa Majengo, walioshukiwa kuliko mtu yeyote katika jiji hili, walirudi kupimwa kwa miongo. Walichokuwa wakikipata ndicho kilichowarudisha.

Sasa tuje kwa vijana. Wakati Majengo ikiendelea, nchi maskini zilikabiliwa na tatizo la hesabu. Maabara ni ghali, kliniki ya kijijini haina stima. Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia ya dalili: muuguzi anakuwa na chati, anauliza unaona nini, unatoka usaha, una kidonda, tumbo linauma, kisha anafuata mishale hadi kwenye dawa. Hakuna kipimo, hakuna kusubiri. Jaribio lililofanyika vijijini mkoani Mwanza, Tanzania, na kuchapishwa 1995, lilionyesha kwamba kuimarisha matibabu ya namna hii kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 40. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, na nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, zilijenga huduma zao juu ya chati hiyo.

Chati ilimfaa sana mwanamume mwenye kisonono. Anaona usaha, anakimbia kliniki. Kwa mwanamke mambo yalikuwa tofauti. Uchafu ukeni mara nyingi husababishwa na fangasi au bakteria wa kawaida, visivyohusiana na kuambukizwa na mtu. Basi huyu anapewa dawa za ugonjwa ambao hana, anaambiwa amlete mwenzake, na nyumbani kunawaka moto. Mwingine ana klamidia, na klamidia kwa wanawake walio wengi haina dalili yoyote. Haiwashi, haiumi, haitoi harufu. Huyu hana cha kumwambia muuguzi, wala hajafika kliniki. Chati inaanza na swali la unaumwa wapi, na yeye haumwi.

Wakati huo huo bakteria wanapanda. Wakiachwa wanaweza kufika kwenye mirija ya uzazi, wakaacha makovu. Miaka inapita. Msichana anakuwa mke, anatafuta mtoto na mtoto haji, au mimba inatunga nje ya mji wa mimba na kumwaga damu tumboni. Ukoo unamwita mgumba. Anapelekwa kwa wachungaji na kwa waganga. Hakuna anayekumbuka maambukizi ya miaka kumi iliyopita ambayo yangetibiwa kwa vidonge vya wiki moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyajua.

Klamidia hupatikana zaidi kwa walio chini ya miaka 25. Nchi tajiri zilipolielewa hilo zilibadili mwelekeo. Utafiti wa Seattle uliochapishwa 1996 ulionyesha kwamba kuwatafuta na kuwapima wanawake wasio na dalili kulipunguza uvimbe wa viungo vya uzazi kwa zaidi ya nusu. Na kipimo chenyewe kilikuwa kinabadilika: badala ya kulala kitandani uchunguzwe na daktari, ulitosha mkojo kidogo kwenye chupa. Uingereza, ile ile ya 1864, ilianza 2003 kuwapima klamidia vijana wa chini ya miaka 25, wavulana kwa wasichana, wakichukua chupa hata kwenye duka la dawa. Mwaka 2021 ikaamua kuelekeza nguvu zaidi kwa wasichana, ikisema lengo sasa ni kuzuia madhara ya uzazi. Kutoka polisi wa bandarini hadi chupa ya mkojo: iliwachukua karibu miaka 140, lakini walifika.

Sisi tumefika wapi? Nilikaa chuoni miaka miwili kabla ya kuacha masomo, na kila muhula hema za VCT zilisimamishwa uwanjani. Muziki, fulana za bure, tone la damu kidoleni, dakika chache una jibu la virusi vya Ukimwi. Kazi nzuri, siibezi. Lakini katika hema zile sikuwahi kumsikia mtu akitaja klamidia. Tulikuwa kizazi kilichopimwa sana kitu kimoja.

Kisumu tuliona kidogo kilichojificha. Utafiti uliochapishwa 2023 uliwafuatilia wanawake karibu 450 wa miaka 18 hadi 30 waliokuwa wakitumia dawa za kujikinga na virusi vya Ukimwi. Siku ya kuingia tu, takriban 18 kati ya 100 walikutwa na klamidia, kisonono au kaswende. Katika maambukizi mapya yaliyofuata, zaidi ya robo tatu yalikuwa klamidia. Yalijulikana kwa sababu moja: walipimwa kila baada ya miezi mitatu, dalili ziwepo zisiwepo. Nje ya utafiti, mwanamke kama wao angepewa kidonge chake cha kinga na kwenda nyumbani.

Husemwa hatuna uwezo. Gharama ni kweli, kemikali za vipimo hivi si bei ya mandazi. Lakini mashine za GeneXpert ambazo nchi ilizinunua na kuzisambaza kaunti hadi kaunti kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kusoma klamidia na kisonono kwenye mkojo, kwa kubadilisha katriji tu, na jibu hutoka kwa muda wa kama saa moja na nusu. Maabara ambayo miaka ya 1990 hatukuwa nayo, leo sehemu yake ipo tayari mezani.

Kinachobaki kigumu ni sheria na ulimi. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa, na kwa aliye chini ya miaka 18 inataka idhini ya mzazi, isipokuwa kama mtoto huyo ni mjamzito, ameolewa, ni mzazi au yumo katika hatari ya kuambukizwa. Isome tena taratibu: msichana anapata sauti yake mwenyewe baada ya kuwa mjamzito. Mwongozo wa kitaifa wa 2015 ulilegeza hilo, ukasema kijana wa miaka 15 na zaidi anaweza kujiamulia kupimwa virusi. Mwaka ule ule, serikali ile ile, orodha ya majina ya wanafunzi. Mkono mmoja ulikuwa unamwambia kijana njoo tutakutunzia siri, mwingine umeshika fomu.

Mzazi anayesoma haya anaweza kuuliza: kumpimia binti yangu magonjwa ya zinaa si kumwambia aendelee? Ni swali la haki, na wengi wanaouliza hivyo wanawapenda watoto wao. Ila kipimo hakifunguli mlango uliofungwa. Kinamkuta kijana alipo tayari, pamoja na yule ambaye hakuchagua alichofanyiwa, na hao si wachache. Kumwacha bila kumpima hakumrudishi nyuma.

Kwa hivyo mtu akija na mpango mpya wa kuwapima vijana, nami natumaini atakuja, tusianze kwa kuuliza ni vijana wangapi watafikiwa. Tumuulize dawa itatolewa siku hiyo hiyo au kijana atarudishwa wiki ijayo. Mpenzi wake atatibiwa vipi bila ugomvi? Jibu litaandikwa kwenye daftari gani, na nani ana ufunguo wa kabati? Akina mama waliowabeba watoto wenye buba walijua watapata nini foleni ikiisha. Mtoto wa shule wa 2015 hakujua.

Kijana akishajibiwa hayo, mpe chupa. Atajua la kufanya nayo.